Sindano za makovu ya chunusi Kampala: uzoefu wangu

Nianze na jibu, maana najua wengi mnatafuta hilo tu: maikronidlingi, yaani kutobolewa ngozi ya uso kwa sindano fupi nyingi, imenisaidia, ila kwa aina moja ya makovu. Yale mabonde mapana ya mashavuni yamejaa kiasi kwamba hata bila poda uso unaonekana umetulia. Vile vitundu vyembamba vilivyozama, utadhani mtu alichoma na pini, bado vipo karibu vyote. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa yako, jua kwanza uso wako una nini.

Hilo nililielewa kwa daktari wa ngozi, si kwenye tangazo. Kliniki ya kwanza niliyoingia, hapa hapa mjini, dada wa mapokezi alinitajia kifurushi cha leza na bei yake kabla mtu yeyote hajanitazama uso. Sikuuliza zaidi, nikaondoka. Ngozi nyeusi kama yangu, leza isiyochaguliwa vizuri huweza kuiunguza na kuiachia madoa mabaya kuliko ya mwanzo.

Daktari niliyempata baadaye alizima taa ya chumba, akanimulika na tochi kutoka ubavuni. Mwanga wa namna hiyo hauna huruma, kila shimo linatoa kivuli. Kisha akavuta ngozi ya shavu kwa vidole viwili huku nikishika kioo. Pale shimo lilipotoweka ngozi ilipovutwa, akasema hapo sindano zitafanya kazi. Palipobaki vilevile, akasema hapo ni kina kirefu, hapo hutumika asidi kali inayodondoshwa ndani ya kitundu kimoja kimoja, na kwa rangi yangu hataki kuiharakisha. Halafu akagusa alama nyeusi karibu na kidevu: "Hili ni doa tu, dada. Usilipie sindano kwa ajili ya doa."

Maneno hayo yaliniokolea pesa. Doa ni rangi iliyobaki baada ya chunusi kupoa, ngozi yenyewe iko tambarare. Hufifia kwa miezi, hasa ukijikinga na jua na kutumia krimu ya asidi azelaiki au jeli ya adapaleni usiku (mjamzito asiguse adapaleni). Shimo ni ngozi iliyopoteza nyama ndani, na hakuna krimu ya dukani itakayoijaza.

Sasa sindano zenyewe. Sharti la kwanza lilikuwa chunusi mbichi ziishe, maana sindano ikipita juu ya usaha inausambaza. Siku yenyewe unapakwa krimu ya ganzi, unakaa nayo kama nusu saa na zaidi mpaka midomo inakuwa mizito. Kisha kinapita kile kifaa kama kalamu, kinanguruma, kina sindano fupi zinazoingia milimita moja na nusu hivi. Mashavuni nilivumilia. Kwenye taya, pale mfupa ulipo karibu, machozi yalinitoka. Vitone vya damu vinatokea, vinafutwa na maji ya chumvi, basi. Ngozi ikijiponya hutengeneza kolajeni mpya, yaani protini inayoipa ngozi uimara, na hiyo ndiyo inayoinua bonde. Ni kazi ya polepole: unarudi kila baada ya wiki nne hadi sita, na tofauti ya kweli mimi niliiona miezi kadhaa baadaye.

Uso ulikuwa mwekundu uliokolea kwa siku chache, ukakauka, ukabanduka kidogo. Hapo ndipo jua la huku linapoweza kuharibu kila kitu, tukiwa karibu na ikweta namna hii. Kupanda boda saa saba mchana na uso mbichi ni kujitafutia madoa mapya. Losheni ya jua ya SPF 30 kwenda juu, kofia, na kutoka asubuhi mapema, hivyo ndivyo nilivyofanya.

Tafadhali sana, wenzangu, msikimbilie mkorogo. Muuzaji mmoja wa Kikuubo, soko la hapa mjini, alinisisitizia kopo lisilo hata na orodha ya viambato, eti linafuta makovu. UNBS, shirika la viwango la Uganda, imekataza vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bado vinauzwa, na vingine vina klobetasoli, dawa kali ya steroidi inayokondesha ngozi na kuleta chunusi upya.

Nililipa shilingi 250,000 za Uganda kwa kila awamu, si pesa ndogo, na moja haitoshi. Kama ngozi yako hufanya makovu ya kuvimba, yale ya kukua kupita jeraha, mwambie daktari kabla, huenda akakukataza kabisa. Kama mfuko hauruhusu, anzia kliniki ya ngozi ya Mulago, hospitali kuu ya serikali hapa Kampala, upate kujua una doa au una shimo.

Mimi ningerudia? Kwa mashavu, ndiyo. Vile vitundu tumekubaliana na daktari kujaribu asidi kwenye viwili vitatu kando ya sikio kwanza, tuone ngozi itakavyopokea.