Miezi kumi na tisa na methotreksati: uzoefu wangu wa dawa ya baridi yabisi

Mimi ni fundi cherehani, niko Makoroboi, katikati ya Mwanza, mwaka wa kumi na saba sasa. Nyumbani ni Mabatini, kule juu kwenye mawe, ambako bodaboda inakushusha kona ya mwisho, kilichobaki ni ngazi na magoti yako. Naandika kwa ajili ya mtu aliyeandikiwa methotreksati jana, akafika nyumbani, akakunjua ile karatasi ya ndani ya boksi na kukutana na neno saratani. Mimi nililala macho usiku huo.

Yalianza na mkasi. Ilikuwa Desemba, msimu wa sare za shule, na mkasi wangu wa kukatia ni ule mkubwa wa chuma, mzito, ambao nikimpa mtu mwingine aushike huwa naona wivu. Asubuhi moja vidole vikagoma kuingia kwenye matundu yake. Maumivu nilishayazoea, lakini siku hiyo vidole vilikuwa vimevimba na kukakamaa, havikunji wala havinyooki. Pete ya ndoa nilikuwa nimeshaivua wiki mbili nyuma kwa sabuni. Nikakaa tu, mikono mapajani, mpaka saa nne ndipo ikafunguka. Mwanafunzi wangu akashika mkasi, akaharibu mita mbili za kitambaa cha mteja.

Nilikaa na hali hiyo karibu mwaka mzima, na kila mtu alikuwa na jina lake. Baridi ya ziwa. Kazi nyingi. Kuna jirani aliyeniuliza kwa sauti ya chini kama nimegombana na mtu. Mama mkwe, ambaye ni mtu wa Magu, alinichemshia mizizi, nikainywa kwa heshima. Duka la dawa walinipa diklofenaki mpaka tumbo likawaka moto, kisha wakanibadilishia vidonge vidogo vyeupe, "hivi ndivyo vya viungo, mama."

Vile vidogo vilikuwa prednisoloni, dawa ya kundi la homoni za steroidi zinazotuliza uvimbe, na sitasema uongo, kwa siku tatu nilidhani nimepona. Nilishona mpaka saa sita usiku. Baada ya miezi mitatu uso umekuwa duara, watu mtaani wananisifu nimenawiri, kumbe presha imepanda. Daktari alikuja kuniambia baadaye kwamba hata wagunduzi wa kundi hilo la dawa walipita njia hiyohiyo. Marekani, mwaka 1948, daktari Hench na wenzake walimdunga mama aliyekuwa hajiwezi kitandani, na baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 wakapewa tuzo ya Nobel. Kisha madhara yakaanza kuonekana kwa wagonjwa waliotumia muda mrefu. Na ukishazoea hauachi ghafla, unapunguza taratibu kwa kuelekezwa, maana mwili unakuwa umesahau kutengeneza homoni yake wenyewe.

Hospitali ya rufaa niliyofika siitaji, kwa sababu nina mazuri na mabaya ya kuisema. Daktari alikuwa kijana, anasimulia tafiti kama mtu anayesimulia mechi. Swali lake la kwanza lilinishangaza: kabla viungo havijaanza, niliugua homa kali? Akaeleza kuwa chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, ambayo jina lake ni la Kimakonde na ilitambuliwa huko kusini kwetu miaka ya 1952 na 1953, huweza kuacha viungo vinauma kwa miezi. Kwa huku Ziwa Victoria kuna ndugu yake, o'nyong-nyong, iliyolipuka Uganda mwaka 1959 na kuvuka mipaka. Kwangu haikuwa hiyo. Mikono yote miwili, vifundo vilevile kulia na kushoto, kukakamaa asubuhi zaidi ya saa nzima, na damu yenye kingamwili ya anti-CCP, ile inayoashiria ugonjwa huu. Baridi yabisi.

Jina lenyewe, naomba niseme, linatudanganya. Nimevaa sweta Mwanza hii yenye jua kwa mwaka mzima kwa sababu ya jina. Baridi haihusiki. Askari wa mwili wenyewe wanashambulia ule utando laini unaozunguka kiungo, unavimba, na ukiachwa unatafuna gegedu, ule mto laini wa mwisho wa mfupa, na mfupa wenyewe. Kinachoharibika hakirudi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini dawa za kutuliza maumivu pekee zilikuwa zinanipotezea muda: mimi nashona huku nyumba inaungua.

Sasa dawa yenyewe. Ni vidonge vidogo vya njano, miligramu mbili na nusu kila kimoja. Nilianza na vinne, sasa ni sita. Ilianza kama dawa ya saratani, kwa dozi kubwa. Kwa viungo inatumika kidogo sana na, hili lisomeni mara mbili, MARA MOJA KWA WIKI. Yangu ni Ijumaa usiku. Jumatatu nameza vitamini ya foliki ya miligramu tano, ileile wanayopewa watoto wenye selimundu, ili kupunguza vidonda vya mdomo na kichefuchefu.

Wiki sita za kwanza sikuona kitu. Jumamosi nilikuwa naamka kama mtu aliyevuka kwenda Ukerewe siku ya mawimbi, na vidole vipo palepale. Nilitaka kuacha. Kilichonizuia ni kwamba daktari alinitajia mapema: hesabu wiki nane mpaka kumi na mbili. Asingesema, ningeitupa. Wiki ya tisa, nikiwa najiandaa kwenda kanisani, nikafunga vishikizo vya blauzi mpaka cha juu kabisa, na nilikuwa nimeshafika mlangoni ndipo nikagundua sikumwita binti yangu.

Kosa kubwa lilitokea kabla ya hapo, mwezi wangu wa pili na dawa. Dawa iliisha hospitalini, nikatumwa kununua nje. Duka moja, nalo silitaji, waliniwekea kwenye bahasha ndogo na kuandika juu kwa kalamu: 4x1. Sisi wote tunajua kusoma bahasha za dawa, vinne mara moja kwa siku. Nikajua daktari ameongeza. Nikameza Ijumaa, nikameza Jumamosi. Jumapili nimeshamimina maji, binti yangu akauliza, "Mama, si ulisema ni dawa ya Ijumaa?"

Nilimpigia nesi wa kliniki. Sauti yake ilibadilika. Nisimeze tena hata kimoja, Jumatatu asubuhi nifike. Chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeshuka, mdomo ukatoka vidonda, nikanywa uji kwa wiki nzima kama mtoto, na dawa ikasimamishwa mpaka damu ilipokaa sawa. Daktari alisema nina bahati, kwamba kuna watu wamekufa sehemu mbalimbali duniani kwa kumeza ya wiki kila siku. Tangu hapo kalenda ya ukutani ina duara jekundu kila Ijumaa, na bahasha naandikia mwenyewe kwa maneno kabla sijaondoka dirishani. Dirisha likiwa na foleni, foleni itasubiri.

Jambo jingine ni Septrin. Huku kwetu ukisema unakojoa kwa maumivu, mkono wa muuza dawa unaenda kwenye Septrin kabla hujamaliza sentensi. Kwa anayetumia methotreksati ni hatari, zote mbili zinagusa foliki na uboho, mahali damu inapotengenezwa, unaweza kusimama. Nilipomwambia kijana wa dukani alinitazama kama ninayejifanya daktari. Nikarudisha, nikaenda kliniki, nikapewa nyingine. Pombe nayo iachwe au ipungue sana kwa ajili ya ini. Mimba haitakiwi kabisa, dawa hii inaharibu mtoto tumboni. Kama unapanga kuzaa, mwambie daktari mapema akubadilishie, usiache kimyakimya.

Kila nikienda, daktari ananibonyeza viungo 28. Mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vidole safu mbili, magoti. Anabonyeza mpaka ukucha wake unakuwa mweupe, anauliza, "Hapa?" na nesi anaandika. Siku ya kwanza vilivyovimba vilikuwa kumi na nne. Nikamuuliza zoezi hili lina maana gani wakati mimi mwenyewe najua panapouma. Hapo akanisimulia ya Glasgow, Uskoti, utafiti uliochapishwa mwaka 2004. Wagonjwa 110. Nusu walitibiwa kawaida. Nusu nyingine walionwa kila mwezi, viungo vikahesabiwa, na ikionekana bado, dawa inaongezwa palepale. Dawa zilikuwa zilezile za zamani kwa makundi yote. Baada ya miezi 18, ugonjwa ulikuwa umetulia kwa watu 65 kati ya 100 kwenye kundi la kila mwezi, na 16 kati ya 100 kwa wale wengine.

Nilishuka na namba hizo kichwani mpaka nyumbani. Kwa hiyo kazi haifanywi na kidonge peke yake, na mimi naonwa kila baada ya miezi mitatu, na mara mbili tarehe imesogezwa nikiwa nimeshakaa kwenye benchi tangu saa moja. Hilo ndilo linalonifanya nitoe nyota tatu kwa huduma, ingawa daktari mwenyewe nampa zote. Nilichofanya ni kuhesabu mwenyewe. Kila Ijumaa kabla ya kumeza najibonyeza, naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja. Ukilifungua utakuta: kifua 38, kiuno 32, halafu pembeni, vidole vitatu kulia, magoti hakuna. Daktari alipoliona alicheka, kisha akalisoma ukurasa kwa ukurasa, na siku hiyo ndiyo aliyonipandisha kutoka vinne hadi sita.

Vilipobaki viungo vinne visivyotaka kushuka, niliuliza kuhusu zile sindano za kisasa ninazozisikia. Bei yake ningeuza cherehani zote. Akaniambia upo utafiti wa mwaka 2013, watu 353, uliolinganisha sindano hizo pamoja na methotreksati dhidi ya mchanganyiko wa vidonge vitatu vya bei ya chini, na baada ya wiki 48 vidonge havikuzidiwa. Basi nikaongezewa kimoja kati ya hivyo, haidroksiklorokwini. Wenzangu wa umri wangu mkisikia klorokwini najua mmeshaanza kujikuna, ile ya malaria iliyoachwa mwaka 2001. Ni ndugu yake. Mimi haikuniwasha. Inataka macho yapimwe, na hapo ilinibidi nijigharamie.

Mazoezi ya mikono niliyadharau. Mtaalamu wa viungo alinipa karatasi yenye michoro, nikaona mikono yangu inafanya kazi kutwa, mazoezi ya nini tena? Naye akanijibu kwa utafiti, nadhani ni ugonjwa wa jengo zima lile: Uingereza, watu 490 wenye ugonjwa huu, matokeo yalitoka 2015, waliofanya mazoezi ya kunyoosha na kukaza mikono walikuwa na mikono inayofanya kazi vizuri zaidi baada ya mwaka. Wao walikuwa na mpira laini maalumu wa kukamua. Mimi nakamua donge la unga wa chapati, dakika kumi jioni, vidole kimojakimoja, halafu chapati zinaliwa. Mkono wa kushoto sasa unashika kitambaa kikiteleza.

Nina neno moja na tafiti hizi, ingawa nimezila kama zote. Waliopimwa ni wa Uskoti, Uingereza, Marekani na Kanada. Hakuna aliyepanda mawe ya Mabatini na ndoo, au aliyekaa nusu siku kwenye cherehani ya kukanyaga. Vile viungo 28 vinaishia magotini. Kifundo cha mguu hakimo, vidole vya miguu havimo. Mimi asubuhi natoka kitandani kama natembea juu ya kokoto, pedali naikanyaga kwa kisigino, na kwenye cheti cha mwezi uliopita imeandikwa nina viungo viwili tu na hali ni nzuri sana. Kwa mikono ni kweli, mkasi wangu nimeurudisha na mwanafunzi amerudi kwenye kupiga pasi. Dawa naipa nyota nne.

Safari ijayo, kabla hajaanza kubonyeza, nitavua viatu.