Uzoefu wangu na GEMET, IATE na EUR-Lex: istilahi za mazingira kati ya Kicheki na Kiingereza

Kwa yeyote anayetafsiri ripoti za mazingira kati ya Kicheki na Kiingereza, habari njema ni kwamba hakuna cha kununua. GEMET, IATE na EUR-Lex, zana tatu ninazoshinda nazo, ni za bure, na kutafuta neno hakuhitaji kujisajili. Habari mbaya ni kwamba ukiitegemea moja peke yake, itakuaibisha mbele ya mhandisi wa mgodi. Mimi ni Mtanzania, naishi Ucheki, na karibu kazi zangu zote ni za taka, migodi na hesabu za malighafi, kwa hiyo maoni haya yametoka huko. Mambo ya bahari sina la kusema. Bahari yenyewe hapa hakuna.

Tuanze na GEMET. Hii ni hazina ya istilahi za mazingira iliyo chini ya Shirika la Mazingira la Ulaya, lenye makao yake Copenhagen. Ina dhana zaidi ya 5,000 kwa lugha zaidi ya 30, na Kicheki kimo. Usiiendee kama kamusi. Ukifungua dhana moja unaonyeshwa dhana pana iliyo juu yake, zilizo finyu chini yake na majirani zake, kisha maana, kisha orodha ya lugha zote. Kwangu thamani yake iko kwenye huo mti. Ukiletewa ripoti ya maji machafu na wewe umesomea biashara, kaa na GEMET kwanza, tembea tawi hadi tawi, ndipo uguse hati. Utajua nini ni sehemu ya nini, na hutamwita mtoto kwa jina la baba yake.

Isichokuambia ni neno limetoka sheria gani na linatumika tangu lini. Kwa makala ya jumla hilo halina shida. Kwa hati itakayowekwa mezani kwa mwanasheria, ni upungufu mkubwa. Naipa nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za ule mti.

IATE ndiyo benki ya istilahi ya taasisi za Umoja wa Ulaya. Ilifunguliwa kwa umma 2007, na sura yake ya sasa ni ya 2018. Humo kila neno lina alama ya kuaminika, kuanzia nyota moja hadi nne, na mara nyingi utaona chanzo lilikotolewa. Nyota moja maana yake halijahakikiwa. Mimi silichukui mpaka nilione mahali pengine. Jambo la kuzoea ni kwamba swali moja huleta majibu mengi, kwa sababu neno lilelile liko kwenye kilimo, forodha, fedha na mazingira. Chagua sekta kabla ya kutafuta, la sivyo utabeba neno la mhasibu ulipeleke dampo.

Kabla hata ya kutafuta kuna kazi ya vidole na kichwa. Nomino ya Kicheki hubadilika mwisho wake kwa hali saba, na hati haikupi neno likiwa limesimama wima, yaani katika umbo lake la kamusi. Utakuta odpadů, odpadech, odpady, na zote ni taka ileile. Mimi hulirudisha kwanza kwenye odpad ndipo nitafute. Halafu kuna kibodi. Ya Kicheki imebadilishana z na y, na mstari wa juu tuliozoea kuwa na namba umejaa ě, š, č, ř, ž. Ukitaka namba unabonyeza Shifti. Wiki za mwanzo unaandika nywila yako vibaya hadi kompyuta inakufungia nje.

Sasa EUR-Lex, hazina ya sheria za Umoja wa Ulaya. Watu wengi hawaihesabu kuwa zana ya istilahi, lakini kwangu ndiyo ya kwanza, nyota tano bila ubishi. Unafungua sheria moja, unachagua lugha hadi tatu, zinakaa bega kwa bega kifungu kwa kifungu. Sheria ya msingi kwenye taka ni ile namba 2008/98, na kifungu chake cha 3 ni maana tupu za maneno. Anayeanza kazi hii akisome kifungu hicho kwa lugha zote mbili mpaka akikariri.

Faida yake utaiona kwenye neno využití. Mtaani linamaanisha matumizi tu, kutumia kitu. Kwenye sheria ya taka ni neno zito: ndilo linalosimama mahali pa recovery ya Kiingereza, yaani taka kufanyiwa kazi yenye manufaa badala ya malighafi nyingine. Mwenzake ni odstranění, ambalo ukilitazama juu juu unaona kuondoa, lakini kisheria ni disposal: kuzika dampo, kuchoma bila kupata manufaa, na kadhalika. Ukiandika utilization na removal, sentensi ya Kiingereza inasomeka vizuri kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu msomaji hajui kwamba umemtoa nje ya sheria. Halafu kuna likvidace, neno la mtaani na la magazeti kwa kutupa taka. Kwenye maana za kisheria za taka halimo. Nikiona ripoti ya Kiingereza imeandika liquidation of waste, najua mwandishi ni Mcheki na hakuna aliyemsomea.

Hila moja imeniokolea muda mwingi: fuata namba, achana na neno. Viambatisho vya sheria hiyo vina herufi na namba kwa kila njia ya kushughulikia taka. D1 ni kuzika, D10 ni kuchoma nchi kavu, R1 ni kutumia taka kama nishati. Kila aina ya taka nayo ina tarakimu sita kwenye orodha ya Ulaya, na Ucheki imeiweka kwenye kanuni yake namba 8/2021. Taka mchanganyiko za manispaa ni 20 03 01, iwe Praha au Dublin, na taka hatarishi zimewekewa kinyota. Jedwali lenye kurasa nyingi unalimaliza kwa namba hizo bila kubishana na mtu. Hata tofauti kati ya kichomeo cha kawaida, wanachokiita spalovna, na kile kinachotoa umeme na joto, ambacho hati hukiita ZEVO, kama kilichopo Malešice jijini Praha, huwa naithibitisha kwa kuangalia kama wameandika D10 au R1.

Lakini EUR-Lex nayo ina mpaka. Kicheki chake ni cha Brussels, na wakati mwingine si cha Praha. Uchumi rejelezi ni mfano mzuri. Hati za Umoja wa Ulaya huuita oběhové hospodářství. Serikali ya Ucheki ilipopitisha mkakati wake Desemba 2021, iliuita Cirkulární Česko 2040, na ndani yake ni cirkulární ekonomika. Ukienda Kiingereza huna wasiwasi, yote mawili yanakuwa circular economy. Ukirudi Kicheki, lazima uulize hati ni ya nani. Barua ya Kamisheni ichukue la kwanza, mradi wa wizara uchukue la pili, na usiyachanganye kwenye ukurasa mmoja.

Kwenye migodi ndiko zana zote tatu zinakohema. Kaskazini mwa Bohemia, kuzunguka mji wa Most, kuna machimbo ya wazi ya makaa ambayo Wacheki huyaita hnědé uhlí, makaa ya kahawia. Kiingereza cha takwimu za Ulaya huyaita lignite. Kwenye hesabu za mikondo ya malighafi, yaani takwimu za tani zinazoingia na kutoka kwenye uchumi wa nchi, yana kundi lao, MF.4.1.1, na humo lignite na brown coal ni kitu kimoja. Sasa mtu anaona lignite, anarudisha Kicheki kama lignit, na amekosea mkoa. Lignit kwa Mcheki ni makaa machanga zaidi, yenye joto dogo, yaliyochimbwa kusini mwa Moravia karibu na Hodonín, na mgodi wa mwisho huko ulifungwa 2009. Mhandisi wa Most akisoma kwamba anachimba lignit, atakurudishia hati na alama ya kuuliza.

Hizo hesabu za mikondo ya malighafi zinastahili maneno zaidi, maana wengi wanaokuja kusoma mambo ya rasilimali hapa watakutana nazo. Ofisi ya Takwimu ya Ucheki huzitoa, na nchi zote wanachama zinabanwa na kanuni ya Ulaya namba 691/2011. Kipimo kinachotajwa zaidi ni domácí materiálová spotřeba, matumizi ya ndani ya malighafi: kilichochimbwa na kuvunwa nchini, jumlisha kilichoingizwa, toa kilichouzwa nje, vyote kwa tani. Neno la kulinda ni užitá, linaloambatana na uchimbaji: domácí užitá těžba. Maana yake ni kile tu kilichoingia kwenye uchumi. Kule Most, kabla ya kuyafikia makaa unaondoa udongo na mawe yaliyoyafunika, wao husema skrývka, na mlima huo wote haumo kwenye kipimo. Ukilidondosha užitá, msomaji atadhani tani zile ni pamoja na kifusi, na picha nzima ya mkoa inageuka.

Na těžba yenyewe! Ni uchimbaji, lakini pia ni ukataji wa miti. Mwaka 2020 Ucheki ilivuna mbao zaidi ya mita za ujazo milioni 35, rekodi, kwa sababu mende wa magome walikuwa wamemaliza misitu ya misprusi. Sehemu kubwa ya mavuno hayo iliitwa nahodilá těžba. Programu ya kutafsiri ya kampuni moja niliyowahi kufanyia kazi iliandika random mining. Kwa hati ya msitu! Maana halisi ni kuvuna miti iliyokwisha kufa au kuanguka kabla haijaharibika, salvage felling, na hiyo naiandika bila kupepesa macho.

Kama unataka kuona kwa nini maneno ya migodi hapa yana uzito, nenda Most yenyewe. Mji wa zamani ulibomolewa kufuata makaa, na kanisa lake la kale likasukumwa mita 841 juu ya reli mwaka 1975 ili libaki. Shimo la mgodi uliokuwa hapo limejazwa maji na sasa ni ziwa, wazi kwa umma tangu 2020. Hati za huko hukiita kitendo hicho hydrická rekultivace. Usiandike hydric, sema wamerejesha ardhi kwa kuijaza maji, kila mtu ataelewa. Kando yake utakuta neno sanace. Kwenye ardhi yenye sumu, sanace ni kusafisha uchafu. Kwenye sheria ya madini namba 44/1988 ni kuondoa madhara ya mandhari kwa kulipanga upya eneo zima, na huenda hakuna sumu hata tone. Benki ya istilahi haiwezi kukuamulia hilo. Inabidi uangalie aliyeiandika hati ni wa madini au ni wa uchafuzi.

Nisisahau takwimu. Wacheki hutumia mkato mahali pa nukta, na nafasi mahali pa mkato. Mld. ni bilioni yetu; bilion yao ni trilioni. Nimeona bajeti ya usafishaji wa eneo ikivimba mara elfu kwa neno hilo moja.

Kiswahili hakimo GEMET wala IATE. Ukiwa unaandikia wasomaji wa nyumbani, kuna AGROVOC, hazina ya istilahi ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ambayo ina dhana zaidi ya 40,000, na humo Kicheki na Kiswahili vyote vipo. Imeelemea kilimo, misitu na uvuvi, kwa hiyo kwa udongo, mbolea na miti inasaidia. Kwa dampo na mgodi usiitarajie sana. Maneno ya Kiswahili humo ni machache kuliko ya Kicheki, lakini kuyaona bega kwa bega kunapunguza safari ya kupitia Kiingereza.

Yote niliyoyaokota nayaweka kwenye jedwali langu: neno la Kicheki likiwa limesimama wima, Kiingereza chake, sheria au hati lilikotoka, na mwaka. Safu ya mwaka ndiyo naitumia zaidi. Sheria ya taka ya Ucheki ya sasa ni namba 541/2020, iliyoanza kutumika Januari 1, 2021. Kabla yake ilikuwa 185/2001. Ya zamani sijaifuta, kwa sababu ripoti za 2012 na 2015 bado zinaletwa kutafsiriwa kila zinapohitajika mahakamani au kwenye mauzo ya kiwanda, na humo maneno ni ya sheria ile.