Kambi ya meno au tabibu wa kudumu kituoni?

Kambi ya meno ya siku chache ina faida kubwa. Madaktari wanafika kijijini na vifaa vyao, mara nyingi huduma ni bure, na mtu aliyeteswa na jino kwa miezi analala usingizi usiku huo. Nauli ya kwenda hospitali ya wilaya inabaki mfukoni. Lakini foleni ikiwa ndefu, kazi kubwa huwa ni kung'oa, na fizi ikivimba wiki inayofuata, aliyeng'oa ameshaondoka.

Tabibu wa meno aliyepo kituo cha afya huona wagonjwa wachache kwa siku, na wengi huchangia gharama. Ila yeye huliwahi tundu likiwa bado dogo. Wapo wanaodhani kuziba jino lazima kuwe na mashine na umeme. Sivyo! Katikati ya miaka ya 1980, hapahapa Tanzania, ilianza mbinu ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa saruji ya meno, mara nyingi bila hata sindano ya ganzi. Siku hizi hutumika saruji inayotoa floraidi, madini yanayokinga meno yasioze. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka saruji hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Fedha za halmashauri zikitosha kimoja tu, ningemwajiri tabibu. Kambi ziende vijiji vilivyo mbali na kituo, na kila aliyeng'olewa jino aachiwe jina la mhudumu wa karibu wa kumwangalia.