Tailscale kwa seva ya wingu inayobadili anwani

Jambo yenu wote, mlioko mitaa ya Kenya, Katuba, Kampemba na Lubumbashi nzima. Leo tunaichambua Tailscale, programu inayounganisha mashine zako kwenye mtandao wa faragha, kwa kazi moja tu: kuingia kwenye seva ya wingu ambayo kila ukiizima na kuiwasha, inaamka na anwani mpya.

Kwenye EC2, seva za kukodi za AWS (wingu la Amazon), amri ya reboot haigusi anwani. Inayoipoteza ni stop kisha start: anwani ya nje inarudi kapuni, na kesho inaweza kupewa mteja mwingine. Kwa hiyo SSH, programu ya kuingilia seva kwa mbali, ikilalamika kwamba utambulisho wa seva umebadilika, usikimbilie kufuta mstari wa known_hosts, faili linalotunza utambulisho wa seva ulizowahi kuingia. Huenda unabisha hodi kwa mtu usiyemjua.

Dawa ya kawaida ni Elastic IP, anwani ya kudumu. Inafanya kazi vizuri. Ila tangu 1 Februari 2024 AWS inatoza dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya IPv4 ya nje, na Elastic IP inatozwa hata seva ikiwa imelala: kama dola 3.65 kwa mwezi. Anwani inayobadilika inatozwa seva ikiwa macho tu. Ukiiwasha kwa muda wa saa 3 kila siku, hufikishi nusu dola kwa mwezi.

Tailscale inaipa kila mashine anwani ya ndani inayoanza na 100, na hiyo haibadiliki. Tazameni skrini. Ndani ya seva:

curl -fsSL https://tailscale.com/install.sh | sh
sudo tailscale up --hostname=duka

Kinatoka kiungo, kifungue, ingia kwa akaunti yako. Weka programu hiyo hiyo kwenye kompyuta yako, kwa akaunti ile ile. Kisha:

ssh ubuntu@duka

Umeingia kwa jina. Anwani ya nje huihitaji tena.

Sasa, kwenye kompyuta yako, jaribu tailscale ping duka. Jibu likisema "via DERP(nai)", data yako inapitia kituo cha Tailscale cha kupokezana data kilichoko Nairobi. Imefungwa kwa siri mwanzo hadi mwisho, lakini herufi zinachelewa. Hilo hutokea sana kwenye intaneti ya simu, kwa sababu wateja wengi wanawekwa nyuma ya anwani moja. Fungua mlango wa UDP 41641 kwenye ukuta-moto wa seva, pima tena. Mara nyingi njia inakuwa ya moja kwa moja.

Mlango 22, ule wa SSH, ufunge kwa dunia nzima, na hii kwangu ndiyo faida kubwa kuliko zote. Lakini kwanza fungua dirisha la pili, uingie kwa jina la duka. Likikubali, ndipo ufunge.

Mtego unaowafungia watu nje ni huu: ufunguo wa kila mashine unaisha baada ya siku 180. Ukiisha na mlango 22 umefungwa, itabidi urudi kwenye tovuti ya AWS kuufungua upya. Nenda kwenye ukurasa wa Machines, chagua seva, bonyeza Disable key expiry. Fanya leo, usingoje.

Wanaonakili seva kwa AMI, yaani nakala kamili ya diski ya seva ndani ya AWS, nao wawe macho: nakala inabeba utambulisho wa mama yake, na zote mbili zinagombania anwani moja. Kabla ya kupiga nakala, simamisha tailscaled, sehemu ya Tailscale inayofanya kazi nyuma ya pazia, ufute /var/lib/tailscale/tailscaled.state. Ila ukifanya hivyo seva ya kwanza nayo itadai usajili upya, basi afadhali upige nakala kabla ya kusajili.