Njia ya Victoria ya London kwa jicho la mtoto wa gengi la Tabora

Nimekulia katika nyumba za reli hapa Tabora, na marehemu baba alikuwa mnyapara wa gengi, yaani kikundi cha wafanyakazi wanaotunza njia ya reli. Kwa hiyo nilipokwenda kukaa wiki mbili kwa mpwa wangu anayeishi Brixton, kusini mwa London, nilijikuta naichunguza njia yenyewe kuliko mabehewa yanayopita juu yake. Njia ya Victoria, mojawapo ya njia za treni za chini ya ardhi za London, inaanzia hapo Brixton na kuishia Walthamstow Central, ina kilomita 21 na stesheni 16, na yote inayotumiwa na abiria imo chini ya ardhi. Treni huliona jua zinapokwenda karakana tu. Ilifunguliwa kwa vipande kati ya mwaka 1968 na 1971.

Jambo lililonivutia zaidi ni umbo la handaki. Kila mtu wa reli hapa kwetu anajua dereva anavyohangaika kuing'oa treni nzito iliyosimama kwenye mpando, na anavyotumia breki nyingi kuizuia kwenye mteremko. Waliosanifu njia ya Victoria waliligeuza tatizo hilo kuwa faida, kwani stesheni nyingi wameziweka juu ya kilima kidogo kilichochongwa makusudi: treni inapokaribia jukwaa inapanda, mwendo unapungua bila breki kufanya kazi kubwa, na inapoondoka inateremka, ikachukua kasi kwa umeme mchache. Hakuna spea ya kuagiza wala fundi wa kuitwa. Kwangu mimi hicho ndicho kifaa bora kuliko vyote katika njia hiyo, ingawa kwa kweli si kifaa, ni shimo lililochimbwa kwa akili.

Reli zake zimeachana milimita 1,435, sawa na SGR yetu, ilhali reli ya zamani inayopita hapa Tabora ina milimita 1,000. Ila kule reli ni nne. Mbili ni za magurudumu, ya tatu iko pembeni ikiwa na volti 420 chanya, na ya nne iko katikati ikiwa na volti 210 hasi, jumla volti 630. Umeme umepewa reli yake ya kurudia ili usitangetange kwenye pete za chuma za handaki na mabomba ya jirani ukayala. Mtu aliyezoea kukatiza reli na baiskeli yake asithubutu kabisa kushuka mle.

Udhaifu wake ni joto na kelele. Handaki lina upana wa mita 3.8 hivi, treni inalijaza karibu lote, na mlio wa magurudumu hauna pa kwenda ila masikioni mwa abiria. Udongo wa mfinyanzi unaozunguka mahandaki ya London umenyonya joto la breki na mota kwa miongo mingi, hata hauwezi tena kuyapoza, na treni za njia hiyo hazina viyoyozi kwa sababu joto ambalo vingelitoa lingebaki mlemle.

Hata hivyo, huduma inastahili sifa. Wakati wa msongamano zinapita treni 36 kwa saa kila upande, yaani moja kila sekunde 100, na treni inajiendesha yenyewe baada ya dereva kufunga milango na kubonyeza kitufe. Kiwango hicho hakikuletwa na treni mpya peke yake. Mwezi wa Agosti 2015 walifunga sehemu ya kaskazini kwa takriban wiki tatu ili kung'oa makutano ya reli pale Walthamstow Central, ambako treni huvuka kutoka njia moja kwenda nyingine kabla ya kugeuza, wakaweka mapya yanayopitika kwa kasi zaidi. Sisi tuliozoea kuona mabehewa ya Mwanza, Kigoma na Mpanda yakitenganishwa stesheni ya Tabora tunajua jinsi makutano yanavyoweza kuitawala ratiba nzima.

Atakayebadilisha treni apendelee Stockwell, Oxford Circus au Finsbury Park. Katika stesheni hizo majukwaa ya njia mbili yamepangwa ubavu kwa ubavu, hivyo abiria anashuka, anatembea hatua chache, na kupanda treni nyingine bila kugusa ngazi hata moja.