Mashine ya masikio niliyonunua Mwanza, miezi minane sasa (maoni ya mzee aliyepigana Lukaya)

Assalam alaykum, na wasio Waislamu nawasalimu pia. Mimi ni mzee wa miaka 70, niko Tabora, naandika mwenyewe kwa simu kwaiyo mnivumilie kwenye nukta na herufi. Naona watu wengi wanauliza kama hizi mashine za masikio zinafanya kazi kweli au ni kupoteza hela, basi mi nimevaa ya kwangu miezi minane na nina la kusema.

Kwanza mjue sikio liliharibikaje, maana hata pale kliniki ndo swali la kwanza waliloniuliza. Usiku wa tarehe 10 Machi 1979, vita vya Kagera, tulikuwa Lukaya huko Uganda, barabara ya Masaka kwenda Kampala, brigedi ya 201, wengi wetu mgambo tuliotolewa vijijini tukafundishwa harakaharaka tukavushwa mpaka. Mbele yetu barabara inakatiza kinamasi kikubwa. Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakatupiga na BM-21, lile lori la kurusha roketi lina mabomba 40 na yote yanatoka kwa muda wa kuhesabu mpaka 20 tu. Mengi yalipita juu ya vichwa vyetu yakaangukia nyuma lakini ule mlio hatukuwahi kuusikia maishani, watu wakakimbia, na mimi nilikimbia, siwezi kusema uongo na umri huu. Kesho yake tukarudi, sisi kwa mbele na wenzetu wa brigedi ya 208 wakatokea upande wa Kampala, Lukaya ikawa yetu tena. Ila sikio langu la kushoto tangu usiku ule linalia wiii mpaka leo, na la kulia nalo likaja kufifia na miaka.

Kipimo kilikuwa kizuri sana. Wanakuingiza kwenye kichumba kisichopitisha kelele, wanakuvisha hedifoni, kila ukisikia mlio unabonyeza kitufe. Yule binti mpimaji akanionyesha mchoro, sauti nzito nazisikia, nyembamba zimekufa. Akanieleza mlipuko unaua vile vinywele vya ndani ya sikio na vikishakufa havioti tena. Ndo nikaelewa kwanini miaka yote nasikia mtu anaongea ila sijui anasema nini, maana S na F na SH ndo zinapotea. Mjukuu akisema shuka mi nasikia uka. Nyumbani walidhani nawadharau, mama watoto alishaacha hata kunihadithia mambo, na hilo liliniuma kuliko sikio lenyewe.

Nimelipa laki sita na nusu kwa sikio moja, la kulia, pamoja na kipimo na ile moldi ya kuingia sikioni. Ni hela nyingi, niliuza ng'ombe. Kabla ya hapo mwanangu alininunulia mtandaoni kile kidude cha kukuza sauti cha elfu 45, jamani msinunue, kinakuza kila kitu sawasawa, sufuria ikigongwa jikoni unaruka, na maneno huyapati vilevile. Hii ya kupimiwa wanairekebisha na kompyuta ifuate mchoro wa sikio lako wewe.

Kasoro zipo. Moldi ya kwanza ilipwaya, mashine ikawa inapiga filimbi kila nikitafuna, nikarudi Mwanza wakachukua vipimo upya bila hela lakini safari ni yangu na nikasubiri wiki mbili. Sokoni bado ni vurugu, sauti zote zinakuja pamoja. Kofia ikigusa mashine inakwaruza. Na lazima uitoe kabla ya udhu, maji ni adui yake mkubwa, mi naiweka kwenye kikopo chake halafu navaa tena nikishajifuta.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike. Asubuhi ya kwanza nimelala nayo kwa kusahau (hawaruhusu), adhana ya alfajiri ikaanza, na nikasikia Asswalaatu khairun minan naum (swala ni bora kuliko usingizi), kila herufi, ile S yenyewe, miaka mingi nilikuwa nasikia spika inavuma tu najua ni adhana kwa saa. Nilikaa kitandani nikalia. Msikitini imamu akasoma Fatiha nikaipata yote, na hapo nikamkumbuka mateka mmoja wa Kilibya niliyemlinda baada ya Lukaya, kijana wa umri wangu, alikuwa anasoma Fatiha kwa sauti ya chini nikamsogezea sikio zima nikaisikia mpaka mwisho, nikaitikia Aamiin. Wapo waliosema vile vita ni vya dini. Mimi Muislamu, mwenzangu wa zamu Mkristo wa Mara, na yule mateka Muislamu, tukampa maji wote wawili. Kila swala namuombea, sijui kama alifika kwao.

Na redio imerudi. Oktoba 2024 Jenerali Musuguri alipofariki na miaka yake 104 niliangalia mazishi kwenye TV kama picha tu, sikupata neno hata moja kuhusu kamanda wetu. Sahivi Dira ya Dunia ya BBC hainipiti, nafuatilia Kongo, Goma ilivyochukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025 na vijana wetu wakiwa kule na jeshi la SADC. Tatizo nasikia na vijiweni pia. Vijana wanasema tungeingia mazima tuwachape, kama wanaongelea mpira. Mimi sijutii kwenda, Amin alivuka mpaka akaua watu wetu Kagera, ilibidi. Lakini Mwalimu alitwambia tufunge mkanda miezi 18 na tuliufunga miaka, sabuni hakuna, unga foleni, na wenzangu wamelala kwenye makaburi ya mashujaa Kaboya. Nawaambia kijiweni kwa upole, na uzuri sasa wakinijibu nawasikia.

Wazee wenzangu mliopigana nendeni mkapimwe, kipimo peke yake si ghali. Betri ni namba 13, stika ya rangi ya chungwa, ukiibandua subiri dakika moja ndo uweke, inanikalia siku kumi. Hapa Tabora nimezunguka maduka yote ya dawa sijazipata, anayejua zinapouzwa aniambie, zimebaki nne.