Vifaa vya kumfundishia mtoto nyumbani Mbeya: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Mzazi akishaamua kumfundisha mtoto nyumbani, safari yake ya kwanza mjini huwa ya kutafuta kishikwambi. Mimi nilifanya hivyohivyo. Leo kwenye orodha yangu kishikwambi kipo nafasi ya sita, na nitaeleza kilishukaje mpaka huko.

Tunaishi Uyole. Mkubwa ana miaka 11, mdogo mitano. Darasa letu la nyumbani lilianza Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Corona. Mkubwa ndiyo kwanza alikuwa ameanza darasa la kwanza, akarudi na begi lenye madaftari mawili. Shule zikafunguliwa tena tarehe 29 Juni, lakini meza ya jikoni haikurudi kuwa meza ya kulia tu.

Tuelewane kwanza. Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie. Kwa hiyo nikisema kufundisha nyumbani, nawasemea wenye watoto ambao hawajafika umri huo, wenye watoto wa likizo na jioni, na wale ambao ugonjwa umewaweka nyumbani kwa miezi. Wapo pia wazazi wachache wanaofuata mtaala wa nje humohumo ndani. Wengi ni wageni waliokuja na misheni au miradi. Nao watapata la kuokota, ila nafasi ya nane haitawafurahisha.

Kipimo changu ni kimoja: mwezi wa kwanza ukishapita na ugeni ukaisha, kitu hiki mtoto anakishika mara ngapi kwa wiki? Bei naiangalia baada ya hapo.

1. Ubao

Hakuna kinachoufikia. Ubao wangu wote, pamoja na fundi, haukufika shilingi 30,000, na kila siku unaandikwa na kufutwa. Mtoto mdogo anayeshika penseli kwa shida huandika herufi kubwa ubaoni kwa mkono mzima, akikosea anafuta kwa kiganja na hakuna ushahidi uliobaki. Kwenye daftari kosa linakaa pale linamwangalia.

Plaiwudi nzima ni futi 8 kwa 4. Mwombe fundi seremala akukatie robo, yaani futi 4 kwa 2, inatosha watoto wawili kusimama bila kusukumana. Huku kwetu hatuna sababu ya kulia bei ya mbao. Msitu wa Sao Hill uko Mufindi na viwanda vya plaiwudi viko Mafinga, hapo tu njiani kwenda Iringa. Piga msasa, kisha nunua kopo dogo la rangi ya ubao kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Muuzaji akikuambia rangi nyeusi ya mafuta ni ileile, muage kwa heshima. Ile inang'aa, chaki inateleza juu yake kama kiatu kwenye tope la Tukuyu. Paka mara mbili, na kama ni Juni au Julai usiamini kwamba imekauka kwa sababu imekaa usiku kucha. Baridi yetu unaijua. Kabla ya kuandika herufi ya kwanza, lalisha chaki ubavu, sugua ubao mzima uwe mweupe, halafu ufute. Usipofanya hivyo, maandishi ya siku ya kwanza yatabaki kivuli hata ukifuta.

Utundike chini. Ukingo wake wa chini uwe kiunoni kwa mtoto, hata kama wageni watauliza kwa nini umeninginia hivyo. Kama una mtoto mwenye pumu, futa kwa kitambaa chenye maji. Ubao mweupe wa maka nilishaujaribu: maka moja ikiachwa wazi usiku mmoja imekwisha, na mtoto wa miaka mitano hajawahi kufunika kitu duniani.

2. Vitabu, hadithi kabla ya vya kiada

Maduka mengi ya vitabu mjini Mbeya yamejaa vya kiada na mitihani iliyopita. Hadithi za watoto kwa Kiswahili zipo, lakini lazima uziulizie, mara nyingi ziko rafu ya chini nyuma ya atlasi. Nunua chache zenye maandishi makubwa na sentensi fupi. Kwa mtoto anayeanza, kitabu chenye mistari miwili kwa ukurasa ni bora kuliko kinene ulichokipata kwa bei ya kutupa.

Ukikosa, kuna njia ninayoipenda kuliko duka. Mradi wa African Storybook umeweka mtandaoni hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kimo, kwa leseni huria. Maana yake unaruhusiwa kupakua, kuchapa na kugawa. Mimi huweka kumi kwenye flashi, naenda steshenari, wananichapia nyeusi na nyeupe kisha napiga pini. Watoto wanapaka rangi picha wenyewe, kwa hiyo kitabu kimoja kinafanya kazi mbili. Ukitoa kopi ya kitabu cha kiada cha mtu ni habari nyingine, hiyo ina hakimiliki.

Kwenye vya kiada kuna mtego. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, kisha madarasa mengine yakafuata. Vitabu vya zamani bado vinauzwa mitaani kwa bei inayoshawishi. Kwa kusoma na kuhesabu havina ubaya mkubwa, lakini mtoto wa shule ambaye mwalimu wake anafuata kipya utamchanganya. Fungua ukurasa wa ndani, tazama mwaka. Tazama pia kama kina muhuri wa shule. Ukiukuta, huenda kimeibwa shuleni, kirudishe mezani na uondoke. Na kabla hujalipa, kumbuka Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambapo vitabu vyake vinasomeka bure. Mimi huvipitia huko kwanza, nanunua kile tu ambacho mtoto atakihitaji mkononi.

Vitabu vya picha vya Kiingereza vya mtumba, vile unavyovichambua sokoni Mwanjelwa katikati ya midoli isiyo na macho, chukua ukivipata vizima. Vina theluji kila ukurasa. Nilidhani watoto watashangaa, kumbe mdogo akaniuliza kama ni sakitu, ule umande ulioganda tuliouona Makete alfajiri. Tukawa na somo la asubuhi nzima kutokana na kitabu cha bei ya andazi.

Maktaba za mkoa zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba zipo Mbeya na Iringa pia. Ukiwa na mtoto anayemaliza kitabu kwa siku mbili, jisajili huko kabla hujafilisika.

3. Nauli

Ndiyo, nauli ni kifaa cha kufundishia, na kwa mkoa kama wetu ningeiweka ya kwanza kama isingekuwa jambo la mara moja kwa muhula.

Kwa mtoto wa miaka 7 na kuendelea, pesa yangu ya kwanza inakwenda Kimondo cha Mbozi. Kiko Ndolezi, mkoa wa Songwe, unachepuka kutoka barabara ya Tunduma. Wenyeji walikijua tangu zamani, wataalamu wakakiandika 1930. Kina urefu wa karibu mita 3 na uzito unaokadiriwa tani 16, na takriban asilimia 90 yake ni chuma, kinachobaki zaidi ni nikeli. Kabla ya kwenda, pitia kwa fundi redio umwombe sumaku ya spika iliyokufa. Wengi watakupa bure. Mpe mtoto aiguse kwenye jiwe la nje kwanza, halafu aisogeze kwenye kimondo. Ikivutwa mkononi mwake hutahitaji kueleza tena kwamba si kila kinachoitwa jiwe ni jiwe. Muulize na hili: kitu kizito namna hii kimeanguka kutoka angani, shimo liko wapi? Wangu alibishana na baba yake mpaka Mbalizi.

Wa Iringa mna utajiri wenu. Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini, kuna zana za mawe za watu wa kale na nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko. Mtoto anaona historia na jiografia kwenye korongo moja. Kalenga kuna fuvu la Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954. Kwa mtoto mkubwa mwambie Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilitoe fuvu hilo, kisha mwache ahesabu ilichukua miaka mingapi ahadi kutimia.

Daraja la Mungu kule Rungwe linafaa hata mdogo, mradi umshike mkono, mto Kiwira hauna utani. Ziwa Ngozi subiri afikishe miaka tisa hivi. Kupanda ule msitu na mtoto mgongoni nilifanya mara moja na sirudii. Hifadhi ya Kitulo ni ya msimu. Maua yanachanua wakati wa mvua, Novemba mpaka Aprili, na ndio wakati barabara inapokuwa mbaya. Ukienda Agosti kwa sababu ni kukavu, utamwonyesha mtoto nyasi.

4. Vya kuhesabia

Usinunue abakasi ya plastiki. Maharage, visoda na vijiti vinafanya kazi hiyo, vikipotea hulii. Pesa iweke kwenye bao la kuchonga. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mtoto anayecheza na babu yake atajumlisha na kupanga mbele hatua tatu bila kujua kwamba yuko darasani. Huna bao? Chimba mashimo uani.

5. Flashi na televisheni

Kama tayari unayo televisheni yenye tundu la flashi, huna cha kununua zaidi ya flashi. Video za Ubongo Kids, zilizoanza Dar es Salaam 2014, zipo bure mtandaoni kwa Kiswahili: hesabu na sayansi kwa walioanza shule. Kwa wadogo wa miaka 3 hadi 6 kuna Akili and Me, ya haohao. Pakua usiku ukiwa na bando la usiku. Nusu saa inatosha, kisha zima na uwaulize walichokiona. Usipouliza, umenunua katuni.

6. Kishikwambi

Changu nilikinunua shilingi 120,000 kwenye duka moja la mjini ambalo silitaji. "Mama, hiki ni GB 256, mtoto atakisoma mpaka chuo," kijana akaniambia, na kwenye boksi iliandikwa hivyo kweli. Nyumbani kilijaa baada ya video nane. Nikarudi nacho kesho yake. Akaninyooshea kidole ukutani: mali ikishauzwa hairudi.

Kwa hiyo ukinunua, usitoke dukani kabla hujafanya haya. Nenda na flashi au simu yenye mafaili makubwa, uyahamishie ndani, uyafungue. Namba iliyoandikwa kwenye boksi au hata kwenye mipangilio inaweza kudanganya, lakini faili likigoma limegoma. Chomeka chaja uone kama asilimia inapanda huku kioo kinawaka. Dai risiti ya EFD, na neno la warantii liandikwe, lisisemwe tu.

Sisemi havifundishi. Kwenye shindano la Global Learning XPRIZE, watoto karibu 3,000 katika vijiji kama 170 vya Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, na wengi wao hawakuwa shuleni. Mwaka 2019 zawadi kuu ikagawanywa kati ya watengenezaji wawili wa programu hizo, Kitkit School na onebillion. Watoto walijifunza. Ila zile programu zilitengenezwa kwa ajili ya mahali ambapo mwalimu hayupo, na nyumbani kwako mwalimu yupo, ndiye anayesoma hapa. Kabla ya kununua kipya, chukua simu yako ya zamani yenye kioo kilichopasuka, toa laini, futa kila kitu, weka programu mbili tu zinazofanya kazi bila intaneti. Kama baada ya mwezi bado anaiomba kwa ajili ya hesabu, basi nenda dukani.

7. Chati za ukutani

Wiki moja zinatazamwa, baadaye ni rangi ya ukuta. Nyingi zina makosa ya tahajia. Nunua karatasi ya manila na maka, mtoto achore ya kwake.

8. Mtaala wa nje kwa boksi

Bei yake ni ya dola, majira ya mwaka ndani yake ni manne, na sarafu ya kwenye hesabu ni senti za watu. Kama familia yenu itarudi kwenu baada ya miaka miwili, nunueni, mna sababu. Mzazi wa hapa ajiulize kwanza mtoto atafanya mtihani gani mwishoni. Kidato cha nne mtu anaweza kuufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, na ambaye hakupita njia ya kawaida huanza na Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT. Mitihani hiyo hutungwa kwa mtaala wa Tanzania, na boksi la dola halimwandai mtoto kwa hilo.

Madaftari, penseli na mkebe wa hesabu nunua Oktoba au Novemba. Januari kila mzazi yuko steshenari na bei zinajua. Kwa daftari la mkubwa chukua kaunta buku kwaya mbili, haichaniki. Na fundi akimaliza ubao, usiondoke bila vile vipande vya plaiwudi vilivyobaki. Vyangu nilivipaka rangi iliyosalia kwenye kopo, na mdogo anatembea na kimoja mpaka kwa jirani, na chaki mfukoni.